Mbwa Aliyepewa Majina Matatu

Hadithi imebisha hodi!

— Karibu, hadithi!

Imekuja na uwongo wake!

— Ingia nao!

Imekuja na utamu wake!

— Utukolee!

Haya, kaeni vizuri. Wewe unayetafuna karanga, tafuna, lakini usitafunie sikioni mwangu. Hadithi hii haitaki makelele, na mimi pia siyataki.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama waliposema na watu wakawasikia, palikuwa na nchi moja ya misitu na mashamba ya mtama. Karibu kila nyumba katika nchi hiyo ilizungushiwa ua wa minyaa. Ua ukishikana vizuri, jirani hakuoni unachokula. Lakini kusikia, anasikia. Hata ukikohoa anasikia.

Na watu wa nchi hiyo walikuwa na desturi yao. Mtu akikosana na jirani, hakumtukana. Kumtukana jirani uso kwa uso ilikuwa aibu. Alifanya nini? Alitafuta mbwa. Akampa mbwa jina, na jina ndilo lilikuwa tusi lenyewe. Kukicha anasimama uani, anapaza sauti: "Wewe Wivu-Utawaua! Njoo ule!"

Jirani yuko upande wa pili wa ua, anasikia yote. Atasema nini? Mtu anamwita mbwa wake. Basi naye anakwenda kutafuta mbwa, anampa jina la kujibu.

Mnacheka. Chekeni tu, kwani ninyi hamna majirani?

Sasa, mbwa wakawa wengi mno. Wengine hawakuwa na wenyewe, wakawa wanaiba mayai na kuuma watoto. Mtemi wa nchi akatoa amri. Akasema: "Kila mwaka, mtama ukishaingia ghalani, kutakuwa na Siku ya Mwito. Mbwa wote waje uwanjani kwangu. Kila mwenye nyumba atamwita mbwa wake kwa jina, na mbwa ataitika na kumwendea. Mbwa atakayebaki hana wa kumwita, atafukuzwa avuke mto."

Na ng'ambo ya mto alikaa nani? Alikaa Fisi. Fisi aliipenda sana amri hiyo. Aliisubiri Siku ya Mwito kama watoto wanavyosubiri sikukuu.

Basi alikuwako Punda. Punda huyu alikuwa jike, na kazi yake ilikuwa kuchota maji mtoni na kuyapeleka majumbani kwa watu. Alikuwa na maneno mengi, na malalamiko ndiyo usiseme. Mara mgongo unamuuma, mara mitungi mizito, mara njia mbaya, mara jua. Lakini moyo wake ulikuwa mzuri.

Siku moja Punda alikuwa anapita msituni, akasikia mtu analia ndani ya shimo. Lilikuwa shimo la zamani, lililochimbwa kutegea nguruwe. Akachungulia. Akaona mbwa. Si mtoto wa mbwa, jamani. Mbwa mzima, mdomo umeanza mvi, mbavu zinahesabika.

"Mwenzangu, umeingiaje humo?" akauliza Punda.

"Bwana wangu alikuwa mrina asali, akikaa huku msituni," akasema Mbwa. "Amekufa. Nilikaa mlangoni pake mpaka paa likaanguka. Njaa ikanizidi, nikatoka kutafuta chochote, nikatumbukia humu."

"Maskini! Pole. Pole sana."

Punda akateremsha kamba ya mitungi. Mbwa akaing'ata kwa meno. Punda akavuta. Akavuta akalalamika, akavuta akalalamika, mpaka Mbwa akatoka juu, vumbi tupu.

"Asante, shangazi," akasema Mbwa.

"Asante iweke. Watu husema asante ya punda ni mateke, na mimi sijampiga mtu teke tangu kiangazi kilichopita, lakini msemo ndio huohuo. Hebu niambie. Mtama umeshaanza kukatwa, na Siku ya Mwito inakuja. Unaye wa kukuita?"

"Sina."

"Mimi nalala zizini, sina nyumba, na amri inamtaka mwenye nyumba. Basi nitakutafutia. Kuanzia leo mimi ndiye mshenga wako."

Wapi mmeona punda akawa mshenga wa mbwa? Mimi sijaona. Nimeambiwa tu, nami nawaambia.

Wakaenda mpaka nyumba ya mama mmoja, jina lake Nyamizi. Punda akabisha: "Hodi humu!"

"Karibu, Punda. Mbona leo si siku yangu ya maji?"

"Sikuleta maji. Nimeleta mchumba." Akamsogeza Mbwa mbele.

Nyamizi akamtazama, akaguna. "Mzee huyu? Watu huchukua mtoto wa mbwa wakamlea. Mbwa mzima ana mambo yake."

"Mtoto wa mbwa atakutafunia viatu, atakukojolea ndani, na usiku atalia kumtafuta mama yake," akasema Punda. "Huyu yote hayo ameshayapita. Anajua kulinda, anajua kunyamaza."

Nyamizi akafikiri. Halafu akageuza macho, akatazama ua wa minyaa. Upande wa pili alikaa Kalunde, na Kalunde alikuwa amesema kisimani, mbele za watu, kwamba ugali wa Nyamizi una mchanga.

"Akiitwa, anakuja?" akauliza Nyamizi.

"Anakuja."

"Basi mwache."

Mbwa akafurahi, mkia ukacheza. Akafungua mdomo: "Mama, mimi naitwa..."

"Mbwa hajitaji!" Nyamizi akamkata. "Jina nimeshalipata. Wewe ni Semeni-Mchoke."

Asubuhi yake, umande haujakauka, Nyamizi akasimama karibu na ua. "Semeni-Mchokeee! Njoo hapa!"

Mbwa akaja mbio. Hakukuwa na chakula. Akarudi kulala. "Semeni-Mchoke! Toka juani!" Akatoka. "Semeni-Mchoke! Kaa kivulini!" Alikuwa kivulini tayari. Kutwa nzima ikawa hivyo. Anaitwa, anakuja, na anayeitwa si yeye. Anayeitwa ni Kalunde.

Kalunde alikuwa akipepeta unga wake, anameza hasira. Kumpiga Nyamizi hawezi. Lakini mbwa? Siku moja Mbwa alipita chini ya ua akinusanusa, Kalunde akachukua sufuria ya maji ya moto akammwagia mgongoni.

Mbwa akapiga kelele, akakimbilia kwa mama yake wa kufikia. Nyamizi akatoka nje, akamwona Mbwa anavyogaagaa chini. Mnajua alifanya nini? Alitabasamu. Akapiga makofi, akasema: "Limemwingia! Limemwingia sawasawa!" Alikuwa na maana kwamba neno lake limemwingia Kalunde.

Siku zikapita. Binti yake Nyamizi akashikwa na uchungu wa kuzaa, ukawa mzito, na wa kwanza kuvuka ua alikuwa Kalunde huyohuyo, na kuni kichwani na uji mkononi. Jirani ni jirani. Mtoto akapatikana salama. Wale wanawake wawili wakashikana, wakalia, wakasameheana, wakala ugali pamoja, na mchanga haukuonekana.

Mbwa alikuwa amelala mlangoni na kidonda chake. Nyamizi akamtazama, akashika kichwa. "Ala! Huyu sasa nitamwitaje? Nikitaja jina lake, shoga yangu atanuna."

Punda alipoleta maji akaambiwa: "Mchukue mbwa wako. Kazi yake imekwisha."

Wakashuka mtoni, Punda mbele, Mbwa nyuma. Ng'ambo ya mto Fisi alikuwa amekaa, akawaona, akacheka cheko lake. "Amerudishwa! Punda, usimchoshe mwenzio bure. Mlete huku. Mimi sichagui."

"Nyamaza, domo lako baya!" akasema Punda. Lakini alitembea haraka.

Wakaenda nyumba ya pili. Hapo alikaa bwana mmoja, Shigela, hasira puani. Shigela na ndugu yake walikuwa wamegombania ng'ombe wa mahari ya dada yao, na sasa hata moto hawaombani. Shigela akamtazama Mbwa, akamtazama tena.

"Ana meno?"

"Anayo," akasema Punda.

"Basi mwache. Jina lake ni Utajuta."

Safari hii Mbwa hakusema naitwa nani.

Na yule ndugu yake Shigela alikuwa na mbwa wake, jina lake Ukome. Asubuhi unasikia huku: "Utajuta! Utajuta!" Unasikia kule: "Ukome! Ukome!" Wapita njia wakawa wanazunguka mbali.

Siku moja hao ndugu wawili wakawapeleka mbwa wao mpakani. Shigela akasema: "Mshike!" Ndugu yake akasema: "Mrarue!" Mbwa wakasogeleana. Wakanusana.

"Wewe ndiye Utajuta?"

"Ndivyo wanavyoniita. Wewe ndiye Ukome?"

"Ndiye mimi, tangu nikiwa mtoto. Na mpaka leo sijaambiwa nikome nini."

"Una ugomvi nami?"

"Ugomvi wa wapi, ndugu yangu? Mguu tu ndio unaniuma."

"Pole. Mimi mgongo."

Wakalala chini kivulini, wakaanza kulambana vidonda.

Shigela akaona kiza. "Mbwa gani huyu! Nampa jina kali, yeye analala na adui! Mbwa mzima hafundishiki, niliambiwa mimi!" Akamfukuza kwa kijinga cha moto mpaka njia kuu.

Punda akamkuta Mbwa njiani, wakashuka tena mtoni. Fisi sasa alikuwa amekaa juu ya jiwe, katikati ya maji. "Wa pili huyo amekushinda," akasema. "Mtama umebaki nusu tu shambani. Nawaona wavunaji kutoka hapa."

Mbwa akanywa maji, macho yake hayatoki kwa Fisi.

Wakaenda nyumba ya tatu. Sasa hii ilikuwa nyumba hasa! Alikaa Mihayo, mtu mwenye maghala na ng'ombe, mtu asiye na ugomvi na yeyote. Punda akasema moyoni: leo nimefika. Na kweli, Mihayo alipomwona Mbwa alivyokuwa, machozi yakamlengalenga.

"Jamani, jamani, jamani! Kiumbe wa Mungu! Mpeni nyama. Mtandikieni mkeka. Huyu kuanzia leo ni wangu, na jina lake ni Nimemwokota."

Mbwa akapewa nyama, akapewa mafuta ya kupaka kidonda, akalala kwenye mkeka kama mkwe. Akasema: angalau. Akanenepa.

Lakini Mihayo alikuwa mtu wa wageni. Kila mgeni akifika, kabla hajapewa hata maji, anasikia: "Nimemwokota! Njoo wageni wakuone!" Mbwa anakuja. "Geuka, waonyeshe mgongo." Mbwa anageuka. Wageni wanasema: "Lo! Mihayo, una moyo wewe!" Mihayo anainamisha kichwa, anasema: "Ah, si kitu."

Na habari yenyewe ikawa inakua. Kwanza alisema aliletewa mbwa na Punda. Wageni wengine walipokuja, akasema alimtoa shimoni yeye mwenyewe. Walipokuja wengine tena, palikuwa na simba pembeni mwa shimo. Punda alikuwa akimimina maji mtungini siku ile, akasikia. Akauliza: "Na kamba ulitumia ya nani?"

Kidonda cha Mbwa kikapona. Manyoya yakaota, kovu likafunikwa. Mihayo akalitazama, akakunja uso. Wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Akaenda ndani akatoka na kisu, akamshika Mbwa shingoni, akamnyoa mgongo ili kovu lionekane vizuri.

Mbwa alingoja mpaka akanyolewa akaisha. Halafu akainuka, akatoka. Hakufukuzwa, jamani. Alitoka kwa miguu yake, akaacha nyama chunguni.

Punda alipomkuta njiani alipandwa na hasira, masikio yakasimama wima. "Umetoka mwenyewe? Nyama ulikuwa huli?"

"Nilikula."

"Mkeka hukulalia?"

"Nililalia."

"Ulipigwa?"

"Sikupigwa."

"Basi unataka nini, wewe mzee wa mvi? Mimi nazunguka jua lote hili, mgongo unaniuma, wewe unachagua!"

Mbwa akakaa chini. "Shangazi, usinikasirikie. Kwa Nyamizi nilikuwa tusi. Kwa Shigela nilikuwa fimbo. Kwa Mihayo nimekuwa sifa. Mbwa sijawa bado. Nimechoka, shangazi. Heri Fisi, yeye atanila mara moja."

Punda alitaka kusema neno. Akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Walipoinua macho, Fisi alikuwa amekwisha vuka. Alikuwa amekaa ukingo wa huku, miguu imeshakauka.

Punda akamsukuma Mbwa kwa kichwa. "Inuka. Bado nyumba moja."

Nyumba ya mwisho kabisa, pale mashamba yanapoishia na msitu kuanzia, alikaa mwanamke mmoja, jina lake Limi. Nyumba yake haikuwa na ua wa minyaa, maana hakuwa na jirani wa kujikinga naye. Alilima karanga, akapigana na ngedere, akalala. Maneno yake yalikuwa machache, na hayo machache yalikuwa makavu.

"Hodi, mama!"

"Karibu. Mbwa simtaki."

"Hatujasema kitu bado!"

"Namwona. Nilikuwa na mbwa mimi, akafa. Nililia mpaka nikajionea aibu. Sitaki tena."

"Basi tupe maji tu, tupumue, tuondoke," akasema Punda, ambaye siku hiyo alikuwa amechoka hata kulalamika.

Limi akaleta maji, akakaa kizingitini akimenya karanga zake. Akamtazama Mbwa. "Mgongoni umefanyaje?"

Mbwa akamwambia. Akamwambia ya maji ya moto, na ya kijinga cha moto, na ya kisu. Limi alisikiliza, mikono inamenya. Hakusema jamani, hakusema maskini. Mbwa alipomaliza, Limi akauliza: "Kwenu ulikuwa ukila nini?"

"Uji wa mtama. Na masega bwana wangu akishakamua."

"Masega sina. Uji upo. Kwenu ulikuwa ukilala wapi?"

"Mlangoni, kwa nje. Naelekea msituni."

"Mlango ni ule pale."

Ndivyo alivyokaa. Limi hakusema nimekuchukua, wala Mbwa hakusema nimekubali. Ngedere walipokuja asubuhi kuiba karanga wakamkuta Mbwa shambani, wakakimbia wanatukana. Limi akacheka mpaka akaketi chini.

Lakini jambo moja lilimtisha Punda. Mara kwa mara, jioni, Mbwa aliinuka akaingia msituni. Alikuwa anakwenda kwenye nyumba ya yule mrina asali, nyumba iliyoanguka. Anakaa huko, halafu anarudi asubuhi na miguu yake imelowa.

"Mfunge!" akasema Punda. "Mfunge kamba! Siku moja hatarudi."

"Ana msiba," akasema Limi. "Mwenye msiba hafungwi kamba."

"Na jina? Umempa jina gani?"

"Sikumpa."

"Hukumpa! Siku ya Mwito ni keshokutwa! Sasa ukimtaka unasemaje?"

"Nasema uji tayari."

Punda akaenda zake akitikisa kichwa, mitungi inagongana.

Siku ya Mwito ikafika. Ngoma ikalia. Watu wakaja uwanjani kwa Mtemi, mbwa wote wakawekwa katikati. Na pale langoni pa uwanja, nje tu, Fisi alikuwa amekaa, amekunja miguu kama mgeni mwalikwa.

Watu wakaanza kuita. "Ukome!" Mbwa akatoka, akichechemea, akaenda kwa mwenyewe. "Wivu-Utawaua!" Akatoka. "Mtanikumbuka!" Akatoka. "Cha-Wenzio-Moto!" Akatoka. Kila jina likiitwa, mtu fulani katika umati anatazama chini, na mwingine anatabasamu. Wakaitwa, wakaitwa, mpaka pale katikati akabaki mmoja. Mgongo umenyolewa, mdomo una mvi.

Nyamizi akajifanya anafunga kanga yake. Shigela akatazama mawingu.

Akasimama Mihayo. Akajikohoza ili watu wasikie. "Mtemi, mimi nina huruma. Alinikimbia, lakini nimemsamehe. Nimemwokota! Njoo!"

Watu wakasema: "Aaa! Mihayo, una moyo!"

Mbwa akamtazama Mihayo. Akageuka, akamtazama Fisi langoni. Fisi akalamba midomo. Lakini Mbwa hakwenda kwa Mihayo.

"Hana shukrani!" akasema Mihayo.

"Hana shukrani!" wakasema watu.

Mtemi akainua fimbo yake kuwaonyesha walinzi lango. Punda akafumba macho.

"Ngoja, Mtemi." Ilikuwa sauti ya Limi. Akapenya katikati ya watu, mikono ina udongo wa karanga. "Huyu anakaa kwangu."

"Basi mwite."

"Jina lake silijui."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata walinzi walicheka. Mtemi mwenyewe akaficha mdomo. "Anakaa kwako na jina lake hulijui? Mpe sasa hivi jina lolote, tumalize, jua linawaka."

"Mwite Karanga!" mmoja akapaza sauti. "Mwite Chelewa!" akasema mwingine.

Limi akangoja wanyamaze. "Mtemi," akasema, "mtoto hupewa jina. Huyu alikuja kwangu mtu mzima. Alikuwa na nyumba, alikuwa na bwana wake, akafiwa. Majina ameshavishwa matatu hapa, nanyi mnajua yalivyomfanya. Mimi siwezi kumvisha la nne. Nipe nafasi nimuulize."

"Muulize," akasema Mtemi.

Limi akaenda mpaka katikati ya uwanja, akachuchumaa, macho yake na ya Mbwa yakawa sawa. "Baba, nilikuwa nakungoja useme mwenyewe ukiwa tayari. Leo hatuna nafasi, nisamehe. Wewe unaitwa nani?"

Punda akafumbua macho. Akasema moyoni: ole wangu, na mimi mshenga mzima, neno hilo sikumuuliza!

Mbwa akainua kichwa. "Bwana wangu hakuwa na mke wala mtoto," akasema. "Watu waliopita njia ya msituni walisema, maskini, yule yuko peke yake. Walisema mbele yake, kila wakipita, kama vile hana masikio. Ndipo akanichukua, akanipa jina la kuwajibu. Wakisema yuko peke yake, yeye anaita kwa nguvu: Tupo!"

Hakuna aliyecheka.

Limi akainuka. Akarudi taratibu mpaka pembeni walipokuwa wenye nyumba, akageuka. Yule mwanamke mkavu, machozi yalikuwa yakimtiririka mbele ya nchi nzima, na hakuyapangusa.

"Tupo!" akaita.

Mbwa akasimama kama aliyesikia mtu kutoka mbali. Halafu akaja. Alikuja mbio, masikio yamelala, akaingia katikati ya miguu yake akamwangusha chini, na Limi akamshika shingo wakabaki hivyo.

Mtemi akashusha fimbo. Fisi alingoja kidogo, pengine watabadili mawazo. Hawakubadili. Akainuka, akajinyoosha, akavuka mto na njaa yake.

Mwataka kujua wale watu waliiacha desturi yao? Thubutu! Mtu ni mtu, na jirani ni jirani. Hata mwaka uliofuata walitukanana kwa mbwa vizuri tu. Lakini wapo waliokuwa wakirudi mashambani jioni, wakifika karibu na msitu, walimsikia Limi akiita kule mwisho, uji ukiwa tayari: "Tupo! Tupo!" Na mtu aliyezoea kusema maskini, mama yule yuko peke yake, akawa analimeza neno lake na kupita kimya.

Sasa mafunzo, maana hadithi bila mafunzo ni mfupa bila nyama. Ukimpokea aliyekwisha kuwa mtu mzima, awe mbwa, awe mke, awe mjomba, awe mgeni aliyefiwa, usimchukue kama chungu kitupu ukammiminia ya kwako. Amekuja na yake. Usimfanye silaha ya ugomvi wako, wala usimfanye pambo la wema wako. Kaa naye, mpe uji, umuulize. Akikujibu, hapo ndipo umempokea.

Mimi nimesema, nanyi mmesikia. Kama hadithi ilikuwa tamu, tumeila wote; kama ilikuwa chungu, nitemeeni mimi mwenyewe. Amkeni mkalale.